Barua ya Wazi kwa Wizara ya Afya na Wamiliki wa Kliniki za Meno: Damu Isiyokata Baada ya Kung'oa Jino Itafutiwe Chanzo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Kwa Mganga Mkuu wa Serikali. Kwa waganga wakuu wa mikoa na wilaya. Na kwa wamiliki wa kliniki za meno, za umma na za watu binafsi.

Waheshimiwa,

Kwa heshima zote zinazostahili nyadhifa zenu, barua hii inaletwa kwenu mbele ya wananchi ili izungumzie jambo ambalo ukubwa wake hauonekani kwa macho ya haraka. Kung'oa jino ni miongoni mwa upasuaji mdogo unaofanywa mara nyingi nchini, na kwa wananchi wengi, hasa wa vijijini, ndiyo tiba pekee ya meno wanayoijua, kwa kuwa jino hufikishwa kwa tabibu likiwa limekwisha kuoza hadi kwenye kiini chake. Wagonjwa walio wengi hushuka kwenye kiti wakiwa wameng'ata pamba, na damu hukata kabla hawajafika nyumbani. Barua hii inawahusu wachache ambao damu yao haikati, na lalamiko lake kuu ni kwamba damu hiyo hushughulikiwa kama usumbufu wa kuzimwa, ilhali ni dalili inayodai kutafutiwa chanzo. Mgonjwa huwekewa pamba mpya, hukaripiwa kwamba amesukutua mapema, hurudishwa kwao, na hakuna anayeandika popote kwamba mtu huyu, ambaye huenda ini lake limeharibika au alizaliwa na upungufu katika damu yake, ametoa ishara ya kwanza ya ugonjwa wake.

Ni vema kwanza kueleza jinsi damu inavyokata, maana malalamiko yote yanayofuata yanasimama juu ya maelezo hayo. Jino likitoka huacha tundu ndani ya mfupa wa taya, na kuta za tundu hilo zimejaa mishipa midogo iliyokatika. Mwili hulifunga kwa hatua tatu: mishipa hujikaza, chembe sahani, yaani vipande vidogo sana vya seli vinavyozunguka ndani ya damu, hujirundika palipochanika na kuweka kizibo cha mwanzo, kisha protini za kugandisha damu, ambazo nyingi hutengenezwa na ini, huamshana moja baada ya nyingine hadi zifume nyuzi za faibrini zinazokishikilia kizibo hicho kisibomoke. Hatua iliyokosea ndiyo inayoamua damu itoke lini. Mwenye upungufu wa chembe sahani huvuja tangu dakika ya kwanza, lakini mwenye upungufu wa protini anaweza kuondoka kliniki tundu likiwa kavu na kuanza kuvuja saa kadhaa baadaye, kwa sababu kizibo kiliwekwa na nyuzi za kukishikilia hazikuja. Mate yenye wekundu hafifu kwa siku moja si ugonjwa, na tone la damu likichanganyika na mate mengi huonekana kama kikombe kizima. Damu iliyopita kiasi ni ile inayojaza kinywa tena na tena, inayoendelea zaidi ya saa 12, inayomlazimu mgonjwa kurudi kwa aliyemng'oa, inayotuna chini ya ulimi au shingoni, au inayofikia hatua ya mtu kuongezewa damu. Baada ya maelezo hayo, malalamiko yenyewe ni kama ifuatavyo.

1. Mgonjwa haulizwi anayopaswa kuulizwa.

Methali ya mficha maradhi hutajwa haraka sana mambo yanapoharibika, kana kwamba mgonjwa alikusudia kuficha. Lakini asiyeulizwa hajaficha. Daftari lenye jina, umri, kijiji na jino linalouma hutosheleza hesabu za mwisho wa mwezi, ila halimwambii tabibu lolote kuhusu damu anayokaribia kuimwaga. Maswali yanayohitajika ni machache na hayagharimu hata senti ya maabara. Je, mgonjwa aliwahi kung'olewa jino, na damu ilikata baada ya muda gani? Kama ni mwanamume, kidonda chake cha tohara kilivuja kwa siku ngapi, na je, ilibidi arudishwe kwa ngariba au hospitali? Kama ni mwanamke, hedhi yake huzidi siku saba, na alipojifungua aliongezewa damu? Je, katika ukoo wa mama yuko mjomba aliyefariki kwa kutokwa damu, au ndugu wa kiume ambaye magoti yake huvimba bila kuumia? Amemeza dawa gani tangu jino lilipoanza kuuma, za dukani na za miti shamba, na kila siku anatumia dawa gani?

Swali la mjomba lina sababu yake. Himofilia ni upungufu wa kuzaliwa nao wa mojawapo ya protini za kugandisha damu, ile inayohesabiwa kuwa ya nane kwa aina A na ya tisa kwa aina B, na chembeurithi zinazohusika hukaa kwenye kromosomu X, ndiyo maana mama huibeba mara nyingi bila kuugua sana, na ugonjwa hujitokeza kwa wanawe wa kiume na kwa kaka zake. Aina A humpata takriban mtoto mmoja kati ya wavulana 5,000 wanaozaliwa, katika mataifa yote na rangi zote. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wanaume takriban milioni 30 nchini, na kwa kiwango hicho Tanzania ingetarajiwa kuwa na watu karibu 6,000 wenye aina A peke yake; waliokwisha kutambuliwa na kusajiliwa ni sehemu ndogo tu ya idadi hiyo. Waliobaki wako majumbani wakiwa na viungo vilivyopinda, wamekwisha kufariki bila jina la ugonjwa wao kujulikana, au, wale ambao upungufu wao ni mdogo, wanaishi bila habari hadi siku watakapoketi kwenye kiti cha meno. Na kwa kuwa takriban theluthi moja ya wagonjwa hawana historia yoyote katika ukoo, ugonjwa ukiwa umeanzia kwao, swali la mjomba peke yake halitoshi. Lile la tohara na lile la majeraha ya zamani lazima yafuatane nalo.

Elimu hii si ngeni wala haikuzaliwa katika maabara za kisasa. Abu al-Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki mwaka 1013, aliandika habari za kijiji ambacho wanaume wake walivuja damu hadi kufa kwa majeraha madogo, na tabibu huyohuyo ndiye aliyechora na kueleza vyombo vya kung'olea meno katika kitabu chake kikubwa cha tiba. Miaka elfu moja baadaye, mtu aliyeshika koleo bado hamuulizi aliyeketi mbele yake kama ametoka katika kijiji cha namna hiyo.

Upande wa wanawake umesahaulika zaidi. Mwaka 1926 daktari wa Ufini aitwaye Erik von Willebrand alieleza ugonjwa wa kuvuja damu alioukuta katika familia moja ya visiwa vya Åland, ambamo binti wa miaka mitano aliyechunguzwa naye alikuja kufariki kwa damu ya hedhi akiwa na umri wa miaka 13. Ugonjwa huo, unaobeba jina la daktari huyo, ndio ulioenea zaidi kati ya magonjwa yote ya kurithi ya kuvuja damu. Huwapata wanawake na wanaume sawasawa, na mara nyingi hujificha nyuma ya hedhi nzito ambayo mama na bibi humwambia binti kwamba ndivyo wanawake wa ukoo wao walivyo. Kwa binti kama huyo, jino linalong'olewa laweza kuwa jeraha la kwanza linaloonekana na mtaalamu wa afya. Akirudishwa nyumbani na pamba tu, jeraha la pili linaweza kuwa uzazi.

2. Kiti huachiwa haraka kabla ya ganzi kufichua ukweli.

Sindano ya ganzi inayotumika zaidi katika meno huchanganywa na adrenalini kidogo, dawa inayokaza mishipa ili ganzi ikae muda mrefu na damu isitoke nyingi wakati wa kazi. Matokeo yake ni kwamba tundu huonekana kavu mbele ya tabibu, mgonjwa huambiwa anyanyuke ili anayesubiri aingie, na saa mbili au tatu baadaye, adrenalini ikiisha nguvu, mishipa hufunguka akiwa ndani ya daladala au jikoni kwake. Damu ya namna hii hutarajiwa katika siku ile ya kwanza, na iko nyingine inayokuja baada ya wiki moja hivi, ambayo kwa kawaida husababishwa na vijidudu vilivyovamia tundu na kulila donge la damu. Mgonjwa hapewi habari ya mojawapo kati ya hizo mbili. Huambiwa "ng'ata pamba" na kupewa vidonge.

Anaporudi, kosa la pili hufanyika. Ndani ya kinywa chake huwa kuna donge kubwa jekundu-jeusi, laini na lenye kuteleza kama ini bichi, limefunika tundu na limemwagikia kwenye ufizi, na damu inaendelea kutoka chini yake. Pamba ikikandamizwa juu ya donge hilo haifiki penye jeraha, na mgonjwa anaweza kuing'ata hadi asubuhi bila faida. Kinachotakiwa ni taa, kifaa cha kufyonza au vipande vya shashi, donge lifutwe lote, kisha tabibu azibane kingo za ufizi kwa vidole viwili pande zote za tundu. Damu ikisimama, chanzo chake ni ufizi uliochanika na dawa yake ni kushona. Ikiendelea kuchuruzika kutoka chini, chanzo ni mfupa, na tundu linahitaji kujazwa sifongo inayoyeyuka mwilini kabla ya kushonwa juu yake. Pia huangaliwa kama ndani mmebaki kipande cha mzizi, mfupa uliovunjika, au nyama laini ya usaha ambayo huvuja kwa urahisi. Hayo yote ni kazi ya dakika 15, na yanafundishwa katika vyuo vyetu. Tatizo ni kwamba jino hung'olewa asubuhi na damu hutoka usiku, wakati chumba cha meno kimefungwa na anayempokea mgonjwa ni afisa wa zamu ambaye huenda hajawahi kushona ufizi maishani mwake.

3. Dawa za mgonjwa ama hazijulikani, ama husimamishwa kwa woga.

Hapa huduma hukosea kwa pande mbili zinazopingana. Upande wa kwanza ni wa dawa zisizoulizwa. Mwenye jino bovu huanza safari yake katika duka la dawa, na huko hununua asprini au diklofenaki, ambazo hupunguza maumivu na papo hapo huzizuia chembe sahani zisishikamane. Zuio la diklofenaki huisha dawa inapotoka mwilini, lakini lile la asprini hudumu kwa muda wote wa maisha ya chembe yenyewe, yaani siku nane hadi kumi. Mtu anayefika kliniki baada ya wiki nzima ya asprini si mtu yuleyule aliyeanza kuumwa.

Upande wa pili ni mzito zaidi. Wapo vijana wengi, hasa wa kike, ambao homa ya baridi yabisi ya utotoni iliharibu vali za mioyo yao, wakafanyiwa upasuaji katika vituo kama Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, na wakawekewa vali bandia za chuma zinazowalazimu kumeza warfarini kwa maisha yao yote ili damu isigande juu ya vali. Watu hawa ndio wanaohitaji zaidi meno yao yawe salama, maana vijidudu vya jino bovu huweza kusafiri kwa damu na kuishambulia vali. Wakifika kwenye chumba cha meno huambiwa waache warfarini kwa wiki moja ndipo warudi, na katika wiki hiyo damu inaweza kuganda kwenye vali au kurusha donge hadi kwenye ubongo. Tundu la jino linalovuja linaweza kushonwa. Ubongo uliokosa damu haushoniki. Miongozo ya kimataifa iko wazi juu ya suala hili: mgonjwa apimwe INR, kipimo kinacholinganisha muda ambao damu yake huchukua kuganda na muda wa damu ya mtu asiyetumia dawa, na kipimo kikiwa chini ya 4 jino moja hadi matatu yanaweza kung'olewa bila kusimamisha dawa, mradi tundu lijazwe sifongo, lishonwe na mgonjwa asubirishwe. Anayetumia asprini ndogo kwa ajili ya moyo naye haachishwi kwa ajili ya jino moja.

Kisha huja kosa la tatu, ambalo hufanyika kwa nia njema kabisa. Mgonjwa huyohuyo wa warfarini, baada ya kung'olewa salama, huandikiwa flajili kwa mazoea. Flajili, ambayo jina lake la kitaalamu ni metronidazo, hulizuia ini lisiivunje warfarini, kwa hiyo dawa hujilimbikiza mwilini, na siku ya nne au ya tano damu iliyokuwa imekata huanza upya, safari hii si kinywani peke yake. Diklofenaki ikiongezwa juu yake, hatari huwa mara mbili. Cheti cha dawa chenye warfarini, flajili na diklofenaki kwa pamoja kilipaswa kukataliwa na mtoa dawa yeyote aliyesomea kazi yake.

4. Viungo vingine vya mwili havikumbukwi.

Kwa kuwa protini nyingi za kugandisha damu hutoka kwenye ini, mtu ambaye ini lake limelika kwa homa ya ini aina ya B au kwa pombe ya miaka mingi huvuja bila kuwa na ugonjwa wowote wa kurithi. Katika vijiji na visiwa vya Ziwa Victoria kuna sababu nyingine inayostahili kutajwa peke yake: kichocho cha tumbo, ambacho mayai ya minyoo yake hukwama kwenye mishipa ya ini, hupandisha shinikizo la damu katika mishipa hiyo na kuivimbisha bandama. Bandama iliyovimba hunasa chembe sahani, na mvuvi mwenye tumbo lililotuna upande wa kushoto anaweza kuketi kwenye kiti cha meno akiwa na chembe sahani chache mno bila kujua. Mkono wa tabibu uliowekwa chini ya mbavu za kushoto kabla ya sindano ya ganzi ungeyajua hayo, lakini matabibu wa meno wamezoeshwa kuishia kidevuni.

Mwenye figo zilizoshindwa huvuja kwa sababu sumu zilizobaki kwenye damu hudhoofisha chembe sahani, na akiwa anasafishwa damu kwa mashine hupewa heparini, dawa ya kuzuia mgando, kwa hiyo jino lake hung'olewa siku inayofuata usafishaji na si siku yenyewe. Dengue, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, hushusha chembe sahani kwa ghafla; mwenye homa na maumivu ya mwili hafai kung'olewa jino lisilo la dharura kabla ya kupimwa damu. Saratani ya damu huweza kujitokeza kwanza kama fizi zilizovimba na kuvuja zenyewe. Na liko jino moja ambalo halipaswi kuguswa kabisa bila picha ya taya: lile linalochezacheza bila kuoza, lenye kuvuja shingoni mwake na kudundadunda likiguswa, kwa sababu chini yake huenda kuna fundo la mishipa ya damu ambalo likifunguliwa mgonjwa anaweza kufia kitini.

5. Kabati la dawa ni tupu.

Asidi ya traneksamiki ni dawa iliyogunduliwa nchini Japani na Utako Okamoto na mumewe Shosuke, na habari zake zikachapishwa mwaka 1962. Kazi yake ni kuzizuia nyuzi za faibrini zisiyeyushwe, na kinywani ina nafasi ya pekee, kwa kuwa mate yenyewe yana viamsho vinavyoyeyusha donge la damu. Kipande cha shashi kilicholoweshwa dawa hii na kung'atwa, au sukutuo la mililita 10 mara nne kwa siku kwa siku mbili au zaidi, huwaokoa wengi wasihitaji kitu kingine. Si dawa ya matajiri; Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu, na wodi za wazazi huitumia kwa kina mama wanaovuja baada ya kujifungua. Hakuna sababu ya maana kwa nini dawa iliyoko wodini ikosekane katika chumba cha meno kilicho ng'ambo ya ua huohuo. Ndivyo ilivyo kwa uzi, sindano za kushonea na sifongo ya tunduni, ambazo mgonjwa huambiwa akanunue nje huku akitema damu kwenye ndoo.

6. Watoto wachanga wanaong'olewa vijino visivyokuwa vimeota.

Lalamiko hili linaihusu jamii kama linavyoihusu Wizara. Katika sehemu nyingi za Tanzania, na vilevile Uganda na Kenya, mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, ufizi wake uliovimba mahali pa jino chonge huitwa "meno ya plastiki", na mganga huitwa kuuchokonoa kwa spoku ya baiskeli, wembe au waya uliopashwa moto hadi vichipukizi vya meno vitoke. Vichipukizi hivyo ni vyeupe na laini, na mzazi huonyeshwa kana kwamba ndivyo vilivyokuwa vinamuua mwanawe, wakati kuhara kulihitaji maji ya chumvichumvi na sukari, na homa ilihitaji kipimo cha malaria.

Hesabu ya damu ya mtoto ndiyo inayofanya jambo hili kuwa la kutisha. Mtoto mchanga ana takriban mililita 80 za damu kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo sita ana chini ya nusu lita mwilini mwote. Akipoteza mililita 100, kiasi ambacho kitambaa kimoja cha mama kinaweza kukinyonya bila mtu kushtuka, amepoteza moja ya tano ya damu yake, naye tayari alikuwa amekaukiwa na maji kwa kuhara. Sehemu ya damu hiyo humezwa, kwa hiyo haionekani. Kama mtoto huyo amezaliwa na himofilia, hakuna atakayejua. Wanaopona hubaki na mashimo taya zikikua, meno ya kudumu yaliyoharibika, na vijidudu walivyopewa na chombo ambacho kilitumika kwa mtoto wa jirani. Mama anayempeleka mwanawe kwa mganga si mjinga wala si mkatili. Amefika kliniki ya mtoto mara kadhaa, amepimiwa uzito na kuandikiwa kadi, na hakuna aliyemfungua mtoto kinywa akamwonyesha kwamba uvimbe ule ni jino linalokuja.

Kutokana na malalamiko hayo, Waheshimiwa, maombi yafuatayo yanawekwa mbele yenu. Wizara itoe fomu moja ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, yenye maswali yaliyotajwa katika hoja ya kwanza, na jino lisilo la dharura lising'olewe kabla fomu hiyo haijajazwa na kutiwa saini, iwe katika hospitali ya rufaa au katika kliniki ya ghorofa ya pili mjini. Mgonjwa asubirishwe kwa muda usiopungua nusu saa baada ya kung'olewa, tundu likaguliwe upya kwa taa, na aondoke na karatasi inayoeleza kwa lugha yake kwamba ang'ate shashi safi iliyokunjwa kwa dakika 20 hadi 30 bila kuifunua kuchungulia. Kwamba asisukutue wala kutematema kwa saa 24. Kwamba aache uji wa moto, pombe, sigara na ugoro. Kwamba alale kichwa kikiwa juu. Na kwamba, akiwa mbali na hospitali, kipakiti cha majani ya chai kilicholoweshwa kwa maji safi na kung'atwa juu ya tundu kinaweza kumsaidia akiwa njiani kutafuta tiba, kwa sababu majani hayo yana tanini inayokaza mishipa. Karatasi hiyo iwe na namba ya simu inayopokelewa usiku.

Maafisa wa zamu katika vituo vya afya wafundishwe kufuta donge, kubana kingo na kushona tundu, kazi inayoweza kufundishwa kwa siku moja. Bohari ya Dawa na waganga wakuu wa wilaya wahakikishe kwamba asidi ya traneksamiki, uzi na sifongo vinahesabiwa miongoni mwa vifaa vya lazima vya chumba cha meno. Wamiliki wa kliniki binafsi, ambao hulipwa kwa kila jino linalong'olewa, hawahitaji kusubiri waraka wa serikali ili wanunue vitu hivyo. Wizara ya Afya ya Zanzibar, ingawa ina mamlaka yake, inaombwa kujihesabu kuwa nayo imeandikiwa.

Ombi zito kuliko yote ni hili: kila mgonjwa ambaye damu yake imepita saa 12 apimwe. Hesabu kamili ya chembe za damu na vipimo viwili vya muda wa kuganda vingetosha kwa kuanzia, na majibu yakionyesha kasoro apewe rufaa ya maandishi kwenda kwa mtaalamu wa damu, si ushauri wa mdomo. Hata vipimo hivyo vikirudi sawa, historia yake isipuuzwe, kwa kuwa ugonjwa wa von Willebrand na himofilia nyepesi vinaweza kuvipita bila kuonekana. Akithibitika kuwa na himofilia, apewe kadi ya kutembea nayo, inayomkataza yeyote kumpiga sindano ya diklofenaki takoni, au sindano ya ganzi ya nyuma ya taya la chini, kabla ya kupewa protini anayoikosa, maana damu inayovujia ndani ya koo huweza kuziba njia ya hewa. Protini hizo ni ghali, na familia hazitaweza kuzinunua; Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itakuwa na maana kwa watu hawa iwapo tu zitakuwamo katika kitita cha huduma. Nao wahudumu wa kliniki za mama na mtoto wapewe agizo la kufungua kinywa cha kila mchanga anayeletwa kupimwa uzito, na kumwonyesha mama chonge linalokuja, kabla mganga hajamwonyesha kitu kingine.

Wizara inaombwa kulijibu ombi la fomu na lile la vipimo kwa waraka unaoweza kubandikwa kwenye mlango wa kila chumba cha meno. Na kila mwananchi atakayeketi kwenye kiti hicho kabla ya waraka huo kutoka, ataje mwenyewe dawa anazotumia na kila jeraha lililowahi kukataa kukata damu, hata kama hakuna aliyemuuliza.